Mzabibu Mmoja Mmoja

Kazi ya kuchagua mizabibu hufanywa mwishoni mwa kiangazi, wiki chache kabla ya mavuno, vishada vikiwa vimeshapata rangi lakini bado vinaning'inia. Mkulima huingia shambani asubuhi na utepe mfukoni, akapita mstari kwa mstari. Mzabibu uliosheheni kuliko mingine anaupita. Anautafuta ule wenye punje ndogo na ganda nene, ambao vishada vyake havikubana, punje zikiwa zimeachana kiasi cha kupitisha hewa ili unyevu usikae ndani ukaleta kuvu. Anatazama majani kama yana afya mpaka chini. Anachuma punje moja, anaitafuna pamoja na mbegu yake, anasikilizia ukali wake ulimini. Akiridhika, anafunga utepe kwenye shina, anaendelea. Mwaka ujao atarudi kwenye shina hilohilo, na mwaka wa tatu pia, kwa kuwa mzabibu unaweza kufanya vizuri mara moja kwa bahati ya mvua. Kinachotafutwa ni tabia, na tabia haionekani kwa msimu mmoja.

Kwa kazi ya namna hii, katikati ya miaka ya 1980, Elisabetta Foradori alianza kurudisha heshima ya mvinyo wa kwao. Kwao ni Mezzolombardo, mji mdogo wa Trentino, kaskazini mwa Italia, chini ya majabali ya Dolomiti. Leo ni vigumu kuitaja Teroldego, zabibu nyeusi ya bonde hilo, bila kumtaja yeye. Sifa hizo amezipata kihalali, lakini zinaeleza machache. Uzuri wa kazi yake umo ndani ya kazi yenyewe: hatua ndogondogo zinazofuatana kwa miaka mingi, kila moja ikitendwa na mtu anayejua anachokitazama.

Tuanze na ardhi. Mto Noce hushuka kutoka milimani na kuungana na mto mkubwa wa Adige. Kwa maelfu ya miaka, kabla haujaungana nao, umekuwa ukimwaga mzigo wake wa mawe mahali pamoja, na mzigo huo umekuwa uwanda uitwao Campo Rotaliano. Ni ardhi tambarare iliyozungukwa na kuta za miamba. Ukichimba, juu unakuta udongo mwepesi, na chini yake changarawe na mawe ya mviringo yaliyolainishwa na maji, mengine ya chokaa, mengine ya itale. Maji ya mvua hayatuami. Mizizi hulazimika kushuka kina kirefu kuyafuata. Mchana kuta za miamba hukusanya joto, usiku hewa baridi hushuka kutoka juu, na tofauti hiyo ya mchana na usiku huzipa zabibu utamu bila kuzinyang'anya ukali wake.

Hapo ndipo nyumbani kwa Teroldego. Ni zabibu yenye rangi nzito, inayokaribia wino, yenye asidi ya kutosha na tanini chache zisizokwaruza ulimi. Ina nguvu ya kuota na haichoki kuzaa. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyokaribia kuiponza. Zao la Teroldego Rotaliano lilipata hadhi ya kisheria ya asili yake mwaka 1971, lakini miaka hiyohiyo wakulima walikuwa wakihimizwa kuzalisha kwa wingi. Sehemu kubwa ya zabibu za Trentino hununuliwa na vyama vya ushirika, na mkulima anayelipwa kwa uzito hana sababu ya kuupunguza uzito huo. Vitalu vya miche vikajibu mahitaji: vikazalisha kwa maelfu nakala za mizabibu michache iliyothibitika kuzaa sana. Shamba la zamani lilikuwa na mizabibu ya kila sura, mmoja wa punje kubwa, mwingine wa punje ndogo, mmoja unaowahi kuiva, mwingine unaochelewa. Shamba jipya likawa na mzabibu mmoja uliorudiwa mara elfu. Mvinyo wake ulikuwa mwepesi, wa bei nafuu, wa kunywa mwaka huohuo na kusahau.

Foradori alilirithi shamba katika hali hiyo. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, na mama akalishikilia mpaka binti akue. Alisoma San Michele all'Adige, kwenye chuo cha kilimo kilichoanzishwa mwaka 1874, upande wa pili wa uwanda huohuo, na mavuno ya kwanza chini ya mkono wake yalikuwa ya mwaka 1984, hata miaka 20 hajatimiza. Wakati huo ushauri uliokuwa tayari mdomoni mwa wengi ulikuwa kung'oa zabibu za kienyeji na kupanda Cabernet au Chardonnay, majina ambayo soko la dunia lilishayazoea. Yeye aliiangalia Teroldego na kuona kwamba kasoro haikuwa kwenye zabibu. Kasoro ilikuwa kwenye uchaguzi uliofanywa na watu, na uchaguzi unaweza kufanywa upya.

Basi akaenda kwenye mashamba ya zamani, kwa mizabibu iliyopandwa kabla ya enzi ya nakala, na akaanza kutia alama. Kila shina lililotiwa alama huwekewa kumbukumbu: umbo la kishada, ukubwa wa punje, siku za kuiva, namna linavyostahimili kuvu. Baada ya misimu kadhaa ya kulinganisha, mashina mengi huondolewa kwenye orodha na machache hubaki. Foradori alibaki na aina zaidi ya kumi za Teroldego, zote zabibu moja, kila moja na tabia yake. Angeweza kuchagua iliyo bora kuliko zote akazalisha hiyo peke yake, lakini hilo lingekuwa kosa lilelile lililolifikisha shamba pale. Alitaka shamba la mchanganyiko, ambamo mzabibu unaochelewa kuiva hulinda asidi wakati ule unaowahi umeshajaa sukari, na ambamo ugonjwa ukiingia haukuti kila shina likiwa na udhaifu uleule.

Kutoka kwenye kuchagua, kazi huhamia kwenye kubebesha. Mizabibu ya Ulaya haiwezi kusimama kwa mizizi yake yenyewe karibu mahali popote tangu karne ya 19, alipoingia filoksera, mdudu mdogo wa jamii ya vidukari anayefyonza mizizi mpaka mti ufe. Mizabibu ya asili ya Marekani humstahimili mdudu huyo. Kwa hiyo kila mzabibu ni miti miwili: mizizi ya Kimarekani chini, na kikonyo cha zabibu inayotakiwa juu. Majira ya baridi, mzabibu ukiwa umelala na haujapandisha maji, vikonyo hukatwa kutoka kwenye mashina yaliyochaguliwa na kuhifadhiwa mahali pa ubaridi, vikiwa na unyevu wa kutosha visikauke.

Mkato ndio wenye ufundi. Kisu lazima kiwe kikali kiasi cha kupita mara moja. Kikipita mara mbili kinaacha uso wenye mawimbi, na penye wimbi hapashikani. Kikonyo hukatwa kwa mshazari, na shina la chini hukatwa kwa mshazari wa kiwango kilekile, kisha kila upande huchanwa ulimi mdogo ili vishikamane vyenyewe hata kabla ya kufungwa. Chini ya gome kuna tabaka jembamba la kijani, nene kama karatasi tu, na hilo ndilo linalokua. Tabaka la juu lazima liguse tabaka la chini. Kikonyo na shina vikiwa na unene tofauti, mfanyakazi huulaza upande mmoja ulingane kabisa, kwani ni heri upande mmoja ushike sawasawa kuliko pande zote mbili zikose kwa kidogo. Hufungwa, huwekwa mahali pa joto, na baada ya wiki chache tishu mpya nyeupe hujitokeza kwenye kiungo. Ndipo inapojulikana kwamba miti miwili imekubaliana.

Kisha kusubiri. Mche huhitaji karibu miaka mitatu kabla haujatoa zabibu za maana, na mingine kadhaa kabla mizizi haijafika kwenye changarawe ya chini. Wakulima wa Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Trentino baridi huulaza mzabibu, na mavuno ni mara moja tu. Mtengenezaji mvinyo wa Trentino akifanya kazi miaka 40, amepata nafasi 40 za kujaribu jambo, basi. Akikosea Oktoba, atasubiri Septemba ijayo. Ukizingatia hilo, unaelewa uzito wa uamuzi wa msichana wa umri ule: alianza kazi ambayo majibu yake yasingekuja kabla ya kuingia muongo mwingine. Wakati miche mipya ikikua, alizitumia zabibu za mizabibu mikongwe kutengeneza mvinyo alioupa jina la komamanga, Granato, ambao mavuno yake ya kwanza ni ya mwaka 1986. Ulikuwa mzito, wenye uwezo wa kukaa chupani miaka mingi. Watu waliokuwa wakiijua Teroldego kama kinywaji cha mezani cha kila siku wakaonja kitu ambacho hawakukitarajia kutoka kwenye uwanda ule.

Namna ya kuuelekeza mzabibu nayo ilibidi ibadilike. Desturi ya Trentino ni kichanja: nguzo, na juu yake fito zinazopanda kwa mshazari, matawi yakitandazwa kama paa na vishada vikining'inia chini yake kivulini. Ni mfumo mzuri kwa macho na mtu hupita chini yake bila kuinama, lakini kwa zabibu yenye nguvu kama Teroldego huruhusu mazao mengi kupita kiasi. Kwenye mashamba mapya Foradori alipanda mizabibu karibukaribu na kuifunga kwenye waya, tawi moja kwa kila shina. Upogoaji hufanywa majira ya baridi. Mpogoaji husimama mbele ya shina lenye matawi mengi makavu, analisoma: lipi lilizaa mwaka jana, lipi limekomaa vizuri, lipi limeota mahali panapofaa. Tawi lililokwisha kuzaa hukatwa. Tawi moja jipya huachwa na macho machache, hupindwa taratibu mpaka litoe mlio mdogo wa nyuzi zake kulegea, kisha hulazwa kwenye waya na kufungwa. Karibu na shina huachwa kisiki kifupi chenye macho mawili, na hicho ndicho kitakachotoa tawi la mwaka kesho. Kwa hiyo kila mkasi unapofumba, mpogoaji anaamua mavuno ya miaka miwili kwa pamoja.

Katika miaka ya 1990 mvinyo wake ulipata sifa nyingi. Ulikuwa ukikomazwa kwenye mapipa madogo mapya ya mwaloni, kama yalivyokuwa mapenzi ya wakati ule, na ulisimamiwa kwa karibu kila hatua. Wengi wangeishia hapo. Foradori alionja na kuona kwamba ufundi wa ghalani umeanza kulifunika shamba. Alikuwa ametumia miaka kurudisha utofauti kwenye mizabibu, kisha harufu ya mbao ikawa inausawazisha. Mwaka 2002 akaanza kulima kwa njia ya bayodainamiki, inayotokana na mihadhara aliyoitoa mwanafalsafa Rudolf Steiner mwaka 1924, na mwaka 2009 shamba lilipata cheti cha Demeter cha kilimo hicho.

Katika njia hiyo dawa za viwandani huachwa. Dhidi ya kuvu hubaki mrututu na salfa, kwa kiasi kidogo, vikipuliziwa kwa wakati wake. Nyasi na mimea ya jamii ya kunde huachwa iote kati ya mistari. Maandalizi yanayojulikana zaidi ni ya samadi ndani ya pembe: pembe za ng'ombe hujazwa samadi mbichi, huzikwa ardhini wakati wa vuli na kufukuliwa majira ya kuchipua, samadi ikiwa imegeuka kitu cheusi kilaini kinachonukia kama udongo wa msituni. Kiasi cha konzi moja huwekwa kwenye maji na kukorogwa saa nzima. Mkorogaji huzungusha upande mmoja mpaka katikati pafanyike shimo refu, halafu ghafla anageuza upande wa pili, maji yanachafuka, yanatulia, shimo linajitengeneza upya. Kisha maji hayo hunyunyiziwa ardhini kwa matone makubwa. Wapo wataalamu wa kilimo wasioyakubali maelezo ya nadharia ya njia hii. Lakini tazama inachomlazimisha mkulima kufanya: aingie shambani mara kwa mara, kwa miguu, katika kila hali ya hewa, na aijue mizabibu yake kabla haijaugua. Faida hiyo haina ubishi.

Mavuno huja Septemba na kuendelea kulingana na mwaka. Zabibu huchumwa kwa mkono. Mchumaji hukishika kishada kwa kiganja kutoka chini ili punje zisichubuke, hukata kijiti chake kwa mkasi mfupi, hukigeuza mara moja kukagua upande wa nyuma, na kama kuna punje zilizooza huzitoa palepale kwa ncha ya mkasi kabla hajakilaza kwenye kreti. Kreti hazijazwi mpaka juu, kwani zikipangwa moja juu ya nyingine, zile za chini zitapondeka na juisi itaanza kuchachuka njiani. Uchambuzi wa pili hufanywa kiwandani. Lakini mahali hasa pa kuuokoa mvinyo ni pale kwenye kiganja, ndani ya zile sekunde mbili za kugeuza kishada.

Sasa tufike kwenye mitungi, kwa kuwa hapo ndipo kazi yake ilipochukua sura iliyowashangaza wengi. Mwishoni mwa muongo wa 2000 Foradori alianza kuchachusha baadhi ya zabibu zake kwenye mitungi mikubwa ya udongo iitwayo tinaja, inayofinyangwa na Juan Padilla huko Villarrobledo, kusini-mashariki mwa Hispania, mji wenye udongo unaojulikana kwa mitungi tangu zamani. Mtungi mmoja hubeba lita kama 400. Haufinyangwi kwa gurudumu. Mfinyanzi husokota udongo kuwa mkanda mnene kama mkono, huuweka juu ya ukingo uliokwishapo, huubana kwa vidole na kuulainisha ndani na nje, huku akiuzunguka mtungi kwa miguu yake mwenyewe. Wafinyanzi wanawake wa vijiji vyetu vingi wangeitambua kazi hiyo mara moja, maana nao hujenga chungu vivyo hivyo, ukanda juu ya ukanda, bila gurudumu. Ikifika kimo fulani, kazi lazima isimame. Udongo wa chini ukiwa bado mbichi, uzito wa juu utauporomosha. Ukiwa umekauka kupita kiasi, ukanda mpya hautashika. Mfinyanzi husubiri siku, hugusa ukingo, huongeza. Mtungi uliokamilika hukauka polepole kwa wiki nyingi kabla ya kuingia kwenye joko la kuni.

Moto nao hupimwa. Mtungi usioiva vizuri utavuja. Ulioiva kupita kiasi utaziba vitundu vyake kabisa, na hapo hautakuwa na faida kuliko chupa. Unaotakiwa ni ule wa katikati, wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, vinavyoruhusu hewa kidogo sana kuupata mvinyo kutoka nje. Pipa la mti nalo hupitisha hewa, lakini huacha ladha yake ndani. Udongo hupitisha hewa na hauongezi manukato ya vanila wala ya moshi. Kwa mtu aliyetaka shamba lisikike, chombo hicho kilikuwa jibu.

Zabibu za Teroldego hutenganishwa na vijiti vyake, punje nyingi zikibaki nzima, kisha humiminwa mtungini hadi karibu kujaa. Hamira haiongezwi. Iliyomo kwenye maganda na katika hewa ya kiwanda inatosha, ingawa huchukua muda wake kuamka. Siku za kwanza hakuna kinachoonekana. Kisha pembezoni vinatokea viputo, joto linapanda, hewa ukaa inayosukuma kwenda juu inainua maganda, na yote yanakusanyika kuwa kofia nene inayoelea juu ya juisi. Kofia hiyo ikiachwa ikauke itaharibika. Hivyo husukumwa chini taratibu, kwa mkono au kwa mti, mpaka juisi ipande na kuilowesha yote. Anayesukuma hana haja ya nguvu nyingi. Akisukuma kwa fujo atapasua mbegu na kutoa uchungu. Anapaswa kuhisi pale kofia inapoanza kulegea na kuzama yenyewe, na akome hapo.

Sukari ikiisha, viputo vikitulia, watengenezaji wengi huutoa mvinyo haraka na kuyakamua maganda. Foradori huufunika mtungi na kuuacha. Maganda huanza kushuka yenyewe hadi chini, mahali mtungi unapobanana, na hulala pale pamoja na mbegu. Mvinyo hukaa nayo miezi minane hivi, vuli yote, baridi yote, mpaka majira ya kuchipua. Kwa zabibu yenye tanini kali jambo hilo lingezaa kinywaji cha kukaza mdomo. Teroldego ina tanini chache na laini, nayo hustahimili, na kadiri miezi inavyokwenda kile kilichotoka kwenye maganda huungana na kuzidi kulainika. Katika kipindi hicho chote kazi ya mtengenezaji ni kuonja, kunusa, kuhakikisha mtungi umejaa na kifuniko kimekaa sawa, na kujizuia. Kujizuia huko kuna elimu nyingi ndani yake. Mtu asiyejua angeingilia kwa hofu, na mzembe angekosa kuona dalili ya uharibifu. Anayeweza kuacha kwa usalama ni yule aliyeleta zabibu safi kiasi kwamba hazihitaji kurekebishwa. Miezi minane ya utulivu mtungini hulipiwa shambani.

Mvinyo wa namna hii wa Teroldego hutoka kwenye mashamba mawili ambayo huchachushwa kila moja peke yake: Morei, lenye mawe mengi, na Sgarzon, lenye mchanga zaidi. Zabibu ni moja, mkono ni mmoja, udongo wa mtungi ni mmoja, mavuno ni ya mwaka mmoja. Morei hutoka mweusi zaidi, mpana, wenye joto la mawe. Sgarzon hutoka mwembamba, wenye asidi inayochangamsha na harufu ya matunda mabichi zaidi. Mwonjaji akiweka bilauri mbili pamoja, kilichobaki cha kuzitofautisha ni ardhi tu. Huu ndio uthibitisho ambao kazi yote ya nyuma, tangu utepe wa kwanza, ilikuwa ikiutafuta.

Alifanya vivyo hivyo kwa zabibu nyeupe ya asili ya Trentino, Nosiola, ambayo huko hutumika pia kwa mvinyo mtamu wa Vino Santo. Kwenye vilima karibu na mji wa Trento, katika shamba la Fontanasanta lenye udongo wa mfinyanzi na chokaa, huvuna Nosiola na kuiweka mtungini pamoja na maganda yake kwa miezi. Zabibu nyeupe kwa kawaida hukamuliwa na maganda kutupwa mara moja. Nosiola yenyewe haina makeke, harufu yake ni ya chini, na kwa njia ya kawaida hutoa mvinyo mwepesi unaopita bila kuacha alama. Ikikaa na maganda hupata rangi ya dhahabu, uzito mdogo mdomoni, na ladha inayokumbusha njugu. Hakikuongezwa kitu chochote. Kilichokuwa tayari kwenye ganda kilipewa muda wa kutoka.

Katika safari hiyo Foradori aliacha kutumia jina la kisheria la Teroldego Rotaliano kwenye chupa zake na kuandika jina pana la Vigneti delle Dolomiti, ambalo masharti yake yanampa nafasi zaidi ya kufanya kazi anavyoamini. Kuacha jina la bonde lako baada ya kulipandisha hadhi ni uamuzi mzito. Lakini bonde halikupoteza. Wakulima wengine wa Campo Rotaliano wameona kwamba zabibu yao inaweza kubeba mvinyo wa kudumu, na Teroldego sasa hupandwa hata California na Australia, mbali na mto Noce.

Kazi ya kiwanda sasa imo mikononi mwa watoto wake: Emilio hutengeneza mvinyo, Theo hushughulika na soko, na Myrtha amerudisha mboga na mazao mengine kwenye shamba ambalo lilikuwa zabibu tupu. Mama yao amegeukia ng'ombe wa kijivu wa Alpi, maziwa na jibini, kwa hoja kwamba shamba lisilo na mnyama halijakamilika na samadi inafaa itoke nyumbani. Ni kazi nyingine ya mwendo uleule: maziwa ya asubuhi, jibini linalogeuzwa na kusubiriwa kwa miezi.

Kipimo cha ufundi wake ni kwamba umeweza kurithishwa. Alipoanza, alilazimika kuitafuta mizabibu mizuri mmoja mmoja katika mashamba ya wazee, kwa hofu kwamba itang'olewa kabla hajaifikia. Wanaomfuata wanaikuta imesimama kwenye mistari yao wenyewe, aina kwa aina, ikiwa na umri wa kutosha kutoa vikonyo vya shamba lijalo. Hata hivyo hawawezi kuyarudia tu maamuzi ya mama yao. Hali ya hewa ya milimani inabadilika, kiangazi kinazidi joto, na shina lililofaa miaka ya 1980 huenda lisifae miaka ijayo. Itawabidi wao pia wapite mstari kwa mstari, waonje, waandike, warudi mwaka wa pili na wa tatu. Alichowaachia ni mizabibu ya kutosha kuchagua, na macho yanayojua kuchagua.